Eda Ndani ya Gari

Fundi, mume wangu,

Salamu hii haina wa kuiitikia, lakini naitoa, maana ningeanza bila salamu ungeniona nimekasirika. Sijakasirika. Nilitaka kukuandikia tangu mwanzo, mkono ukawa hautulii. Leo umetulia kidogo. Kaka kenda shamba, wifi yuko kisimani, na mimi nimekaa nyuma ya usukani, pale pale pako, karatasi juu ya magoti.

Naam, nimesema kaka na wifi. Niko Vitongoji. Gari liko uwanjani kwao. Ungekuwa hai usingeliamini hilo, kwa hiyo wacha nikueleze kutoka pale uliponiachia mkono.

Ulikufa asubuhi, Makangale, juu ya kitanda ulichokifunga kwa bawaba kwenye ubavu wa gari. Ulikohoa sana, kisha ukapumzika, nami nikafurahi, nikasema kifua kimelegea. Nikakukorogea uji. Nilipogeuka na bakuli ulikuwa umeshaondoka. Sikulia hapo. Nilikaa nalo lile bakuli mpaka likapoa, kisha nikashuka kwenda kumwita Bi Time, yule bibi mjane aliyetupa ruhusa ya kuegesha gari ukingoni mwa kiwanja chake.

Walikuzika watu wachache, Fundi. Sitakuficha. Wengine walikaa barazani kwao wakatazama jeneza likipita. Stovu zao ulizitengeneza wewe, na karabai ya msikiti ulikuwa ukiisafisha wewe bila kudai kitu. Lakini babu yako alitoka bara, nawe ulikuwa wa upande ule mwengine wa siasa, na siku hizi mtu huulizwa upande wake kabla ya kuulizwa hali. Kaka nilimpelekea habari kwa dereva wa lori la karafuu. Jibu likarudi: "Mwambieni nimesikia." Basi. Hakuja.

Mlipotoka makaburini, wanawake waliokuwa wamenizunguka wakaanza kuulizana nitakaa wapi eda. Nimesema "mlipotoka", angalia, kama kwamba ulirudi nao. Bi Time akasema nitakaa kwake. Mmoja akamkata: mjane hukaa nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe. Mwengine akauliza, "Sasa huyu kakaa nyumba gani na mumewe?" Wakaligeukia gari. Wawili watatu wakacheka, wakajifunika midomo kwa kanga. Nilitaka ardhi inimeze.

Mimi sikuwahi kuliona gari lile kuwa la kuchekwa. Nakumbuka siku ulipolileta kutoka mnadani mjini Chake, gari la serikali lililokuwa likibeba dawa za mbu, linanuka hata kuku hawalikaribii. Siku zile tulikuwa tumeshaambiwa tuhame shamba kule Mtambile. Mwenye shamba alituma msimamizi wake akasimama mbele ya kibanda chetu akasema, "Asiyekuwa pamoja na sisi asile muhogo wetu." Ulizaliwa kwenye shamba lile. Mama yako kazikwa kando ya mikarafuu ile. Watu wakang'oa mihogo yetu ikiwa haijakomaa, wakaitupa njiani. Ulikwenda ukarudi na gari, ukaniambia, "Nyumba hii, bibi, hapana atakayetufukuza. Atatufukuza kwenye ardhi, nyumba tutakwenda nayo."

Ukalisugua kwa majivu na ndimu. Ukatoboa dirisha la nyuma, ukatia kitanda cha kukunja, ukanipigia rafu ya masufuria yenye kizuizi ili yasiruke kwenye mashimo ya barabara. Mtungi wa maji uliufunga kwa kamba za usumba. Sanduku lako la spana likakaa chini ya kitanda. Tukawa tunazunguka kisiwa kizima, wewe ukitengeneza stovu na baiskeli, mimi nikishona kofia nyuma, mlango wazi, upepo ukiingia. Niliwahi kushona kofia nzima baina ya Mtambile na Wete bila kujichoma sindano, ukanicheka ukasema barabara wameitengeneza kwa ajili yangu. Zile zilikuwa siku zetu njema, na nadhani tulijua kuwa ni njema.

Basi nikakaa eda ndani ya gari. Aliyekata shauri ni Shehe mwenyewe, imamu wa msikiti wa pale. Unajua upande wake, hakuwahi kuuficha. Nilidhani atasema nipelekwe kwetu wakamalizane na mimi. Akaja akasimama mbali, uso kaugeuza, akasema na Bi Time: "Nyumba ni pale mtu anapolala na kupika. Huyu kalala na kupika humu. Akae humu." Tangu siku ile hapana aliyecheka.

Nilifunga pazia zote. Bi Time akawa ananiletea maji na kuni, na jioni hukaa nami tunywe chai ya sturungi bila kusema sana. Nilikuwa nimeanza kuzoea. Kisha maneno yakaanza.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Unakumbuka siku ile uliyowapakia watu wa upande wako ukawapeleka mkutanoni Konde? Watu hawakuisahau. Sasa ikasemwa kuwa gari la Fundi halikubakia pale kwa sababu ya eda. Ikasemwa kuwa ndani mna mapanga, yamefichwa chini ya kitanda kwenye sanduku la chuma, yanangoja siku ya kura. Bi Time ndiye aliyeniletea maneno hayo. Alikuwa akimenya muhogo, akayasema bila kuniangalia. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, watu wanapotaka kuamini kitu, hawaji kutazama."

Tangu hapo nikawa nasikiliza. Kila hatua iliyopita nje niliihesabu kuwa inakuja kwangu. Vijana wakawa wakipita njia ile wanagonga bodi kwa viganja, wanakwenda zao. Siku moja nilikuta bati la ubavuni limechorwa kwa mkaa alama ya chama chao, kubwa, kutoka dirishani mpaka kwenye gurudumu. Bi Time akalifuta. Kesho yake ikarudi. Akaliacha, akasema labda alama ile itatulinda, lakini haikutulinda.

Na katikati ya hayo, Fundi, nikajua jambo ambalo wewe hukulijua.

Asubuhi moja nilijaza mafuta ya taa kwenye stovu, na harufu ile niliyoishi nayo miaka yote ikanipanda kichwani, nikafungua mlango nikatapika. Bi Time alikuwa anakuja na ndoo. Aliweka ndoo chini, akanitazama muda, akaniuliza maswali ya kikubwa, kisha akanishika tumbo kwa mkono wake mgumu. Hakupiga kigelegele. Alikaa juu ya ngazi ya gari akafunika uso kwa ukaya wake. Miaka yote ile tuliyoambiwa nina ubaya, sizai, miaka yote ya dawa na makombe, na ulikuwa umeniachia mtoto, ukaenda bila kuambiwa. Nililia siku ile kuliko siku uliyokufa. Nikaomba unisikie huko uliko. Sijui kama ulinisikia. Kama hukunisikia, ndiyo hii nakwambia.

Eda yangu basi ikawa si ile ya kumalizika karibu. Eda ya mwenye mimba humalizika kwa kuzaa. Nilikuwa nina miezi mbele yangu ya kukaa pale pale, ukingoni mwa njia, na uchaguzi unakuja.

Vijana walikuja alasiri, kundi, Makame mwana wa muuza duka akiwa mbele. Nilimjua kwa sauti. Akasema watafungua gari watazame, kisha waondoke. Bi Time alisimama mlangoni na mwiko mkononi, maana alikuwa anapika. Akawaambia ndani mna mke wa eda na mwanamme hapandi. Makame akamjibu kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitisha: "Bibi yangu, sisi hatutaki kumvunjia heshima. Aondoke tu. Gari liondoke kabla ya siku ya kura. Likibakia, sisi hatuna dhamana na moto." Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, na nilisikia mtu mmoja nje akisugua kiberiti, akakizima, akasugua chengine. Kisha wakaenda.

Bi Time alikwenda kwa Shehe na hasira zake zote. Akarudi naye. Safari hii alisimama karibu, nikamsikia vizuri kupitia pazia. "Binti," akasema, "nyumba yako ina magurudumu. Ikenda, na wewe umo ndani, hujatoka. Na hata ingekuwa ya udongo, anayehofia nafsi yake ana ruhusa. Una pa kwenda?"

Nikamwambia nina kaka Vitongoji, lakini kaka hanitaki.

"Kukutaka ni kwake. Kukupokea ni juu yake," akasema. "Na dereva?"

Bi Time akanijibia: "Kuendesha anajua mwenyewe."

Unakumbuka ulivyonifundisha? Tulijificha msitu wa Ngezi, ile njia ya magogo isiyopitwa na mtu, kwa sababu watu wangesema Fundi kamtia mkewe wazimu. Ulikuwa umeshaanza kukohoa. Ulisema, "Nikianguka njiani, nani atakufikisha penye watu?" Nikaligonga gari kwenye mti siku ya kwanza, ukashuka ukaukagua mti kwanza, ukaupa pole. Ulinifanya nicheke mpaka nikasahau kwa nini unanifundisha.

Shehe hakucheka wala hakushangaa. Akasema, "Basi kesho Ijumaa. Ondoka watu wakiwa msikitini. Mimi khutba yangu kesho ndefu."

Sikulala. Asubuhi tulifunga vyombo, Bi Time akaleta kifurushi chake akakiweka juu ya kitanda. Nikamuuliza cha nini. Akasema, "Utazaa na nani njiani, na huo usukani?" Hakutaka kujadiliana. Aliifunga nyumba yake kwa kamba akampa jirani mbuzi wake.

Niliposikia adhana nikavaa buibui, nikajifunika nikaacha macho tu, nikakaa hapa nilipokaa sasa. Betri ilikuwa mbovu kama unavyoijua, lakini ulilielekeza gari kwenye mteremko, kama kawaida yako. Bi Time akaondoa mawe magurudumuni. Nikaachia breki. Gari likateremka pole pole, kimya, kama linalotoroka, nikatia gia nikaachia klachi, likatikisika, likakohoa, likashika. Mlio ule nadhani ulisikika mpaka mihirabuni. Hapana aliyetoka. Tulipopita nyuma ya msikiti nilisikia sauti ya Shehe, inapanda na kushuka, haina haraka.

Nilidhani tumepona. Tukaingia Ngezi, miti ikatufunika, na tulipopinda ile kona ya kinamasi, gogo limelazwa njiani. Vijana wawili wamekaa juu yake. Makame alikuwa amewaweka pale kuzuia magari ya upande wako yasiingie.

Nikasimama. Mguu wangu ulikuwa juu ya mafuta, sikuuondoa, maana pale ni tambarare, na gari likizima hapana wa kulisukuma ila hao hao. Mmoja alikuwa na shoka. Akaja dirishani, akaona mwanamke, akarudi nyuma kama aliyeona kitu cha msituni. Akamwita mwenzake. Yule mwenzake nilimjua. Uliwahi kumtengenezea baiskeli, ukamwambia asipakie magunia mawili. Aliangalia chini.

"Fungua nyuma," akasema mwenye shoka.

Bi Time akashuka. Mguu wangu ulianza kutetemeka, na gari likawa linatetemeka nao, mlio unapanda unashuka. Nilisikia Bi Time akisema, hana hata hasira, "Humu mna mjane na mimba yake. Fungua wewe. Mimi sikuzuii. Lakini ukishafungua, utakwenda ukamwambie mama yako ulichokifanya Ijumaa, au nitakwenda mimi."

Hakufungua mlango. Alitia mkono kwenye dirisha la nyuma, lile ulilolitoboa wewe, akapapasa chini ya kitanda mpaka akalishika sanduku. Akalivuta na kulivuta, kisha akamwita mwenzake wasaidiane, wakalitoa kwa dirisha lile lile, sijui walifanyaje, sikugeuka. Nilisikia chuma kikianguka chini na kufunguka. Spana zikamwagika. Nikasikia yule wa baiskeli akisema, "Spana tu." Mwenye shoka akamwambia anyamaze.

Hawakuzirudisha, Fundi. Walizichukua zote na sanduku lake, nadhani kwa sababu waliona haya kurudi mikono mitupu. Vyombo vyako vya kazi vimekwenda. Yule wa baiskeli ndiye aliyelisogeza gogo, peke yake, akiliburuta kwa upande mmoja mpaka nafasi ikatosha. Nilipompita alisema jambo, sikulisikia kwa mlio wa gari. Bi Time anasema ilikuwa salamu kwa maiti. Mimi sijui.

Kutoka hapo mpaka Wete mikono yangu haikufunguka kwenye usukani. Watu wa Konde walitoka madukani kututazama. Karibu na Chake polisi mmoja alitusimamisha, akaona buibui, akaona kizee kando yangu ameshika tasbihi, akatuashiria tupite kama mtu anayetaka asiulizwe baadaye.

Tulifika Vitongoji jua linakuchwa. Kaka alikuwa barazani anatia udhu. Tangu nilipoolewa na wewe sikuwa nimekanyaga uwanja ule. Sikushuka. Akaja akasimama, maji yanamtiririka viwikoni, akalitazama gari, alama ya mkaa bado iko ubavuni, alama ya upande wake. Akauliza, "Umekuja na nini hiki?"

Nikamwambia, "Nimekuja na nyumba yangu. Sitaki chumba wala chakula. Nataka mahali pa kuiweka mpaka nizae."

Neno "nizae" lilimgonga. Nilimwona. Akageuka akaingia ndani, nami nikawa nawaza kama petroli iliyobaki itanifikisha popote. Wifi akatoka na mtungi wa maji. Kisha kaka akarudi, kashika mawe mawili makubwa, akainama akayatia kwenye magurudumu ya nyuma, moja huku, moja huku, akayapiga kwa mguu kuona kama yameshika. Akaenda kusali.

Siku ya kura ilipita hapa kwa kelele na moshi kutoka upande wa Chake. Tulijifungia. Kaka alikaa nje kwenye ngazi ya gari kutwa nzima, panga mapajani, na mpaka leo sijamuuliza alikuwa akitulinda na watu wa upande gani.

Mtoto alizaliwa humu humu, juu ya kitanda chako, mvua inapiga bati. Bi Time alimpokea. Ni msichana. Ana nyusi zako, zile zilizokutana, na akikasirika anakunja uso kama wewe ukitafuta tundu la stovu. Nilipomtazama nilitaka kukuita, mdomo ukafunguka kabisa.

Wakamwita kaka, maana baba hayupo na adhana lazima isomwe. Alipanda ngazi, mara yake ya kwanza kuingia ndani ya gari. Aliinamisha kichwa kisigonge paa. Nikampa mtoto. Akasoma adhana katika sikio la kulia, akakimu katika la kushoto, sauti ndogo, haitetemeki. Kisha akauliza jina. Nikamwambia Fatma, jina la Bi Time, maana Time ni Fatma huyo huyo. Tangu nilipokuposwa, Fundi, sikuwahi kumsikia akilitaja jina lako. Ulikuwa "yule", "huyo wake", "mbara". Akamtazama mtoto, akasema taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali: "Fatma binti Feruzi." Akanirudishia, akashuka.

Hatujazungumza siasa mimi na yeye. Sidhani kama tutazungumza. Kunako kahawa bado watu wamegawanyika, na Bi Time, aliyerudi kwake baada ya arubaini yangu, anasema Makangale nako bado. Wifi anataka nihamie chumba cha uani na gari liuzwe. Kaka kasema niachwe niamue mwenyewe. Nimeshaamua. Nitakaa humu, na mtoto, na kofia zangu.

Kwaheri, mume wangu. Mungu akupe nafasi huko, akusamehe, na mimi nimekusamehe, na kama kuna nililokukosea nisamehe. Nakuahidi hili moja. Mvua zikikatika na njia ya Ngezi ikikauka, nitamleta Fatma umwone. Sitamtuma na mtu, wala sitapanda gari la mtu. Nitaendesha mwenyewe, mchana, uso wangu wazi kwa kila atakayetaka kutazama, na nitapita mbele ya msikiti.

Mkeo.